Nilivyowafanya Watani Mmarekani na Mrusi

Tarehe 12 Juni 2017, siku ya Jumatatu, nilimpoteza mke wangu Skolastika. Alifia Houston, katika hospitali ileile aliyoifanyia kazi miaka kumi na minane, ghorofa moja juu ya wadi yake. Wauguzi waliomfumba macho ni aliowafundisha mwenyewe kutandika kitanda.

Ninaanza na tarehe hiyo kwa sababu ninyi mlioingia juzi katika kazi ya kulea wazee mmeniomba niandike nilivyoifanya, na mimi kazi hii sikuisomea. Alinifundisha yeye. Niliacha kazi mwezi Agosti mwaka huu wa 2020, na tangu hapo nina muda mwingi kuliko ninavyouhitaji.

Jina langu ni Filbert Kikoti, Mhehe wa Mufindi. Elimu yangu ni darasa la saba. Shuleni tulisimama mstarini kila asubuhi tukapaza sauti kwamba ubepari ni unyama. Nilipaza kuliko wenzangu, kisha nikaja kuishi Texas. Nilipomaliza shule nilibeba kokoto kwenye reli waliyoijenga Wachina, na baba mdogo akapata kibarua kwenye barabara ya lami waliyoijenga Wamarekani. Reli na barabara vilielekea upande mmoja, hadi vikakutana Makambako. Msimamizi wetu Mchina alichuchumaa akala wali pamoja nasi, halafu akatugawia beji na kutusomea kijitabu kupitia mkalimani. Msimamizi wa baba mdogo alikula peke yake ndani ya gari, lakini aligawa buti, na mara mojamoja aliwaonyesha sinema kwenye shuka. Kwa hiyo jioni nyumbani baba mdogo alikuwa na buti na mimi nilikuwa na beji. Hatukugombana. Tulijua kwamba wakubwa wawili wanagombea kutupenda, na kwamba mapenzi ya namna hiyo yatafika mwisho.

Skola alikuwa Mngoni wa Songea. Anayetoka kwetu anaelewa maana yake. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya enzi za mababu, na vita vilipokwisha wakawa watani. Mtani anakutukana mbele za watu, anachukua kofia yako, anakuzulia uongo mkubwa, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Skola aliniambia kila mara kwamba mbwa wa jirani yetu wakiniona wanajificha, maana wanajua Wahehe wanakula nini. Mimi nilimjibu kwamba babu zake walikimbia kutoka Afrika Kusini hadi Songea, na kama wasingechoka wangefika Misri. Tuliishi hivyo miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyeshindwa.

Mwaka 2001, kabla sijaanza kazi hii, alinilaza kitandani kwetu Pearland, nje kidogo ya Houston, akaniambia nisijisogeze hata kidole, mimi ni mgonjwa. Akanigeuza, akaniosha, akanivalisha. Kisha akanilisha uji haraka haraka huku akiangalia saa. Nilipopaliwa akasema, sasa umejua. Akanilisha tena, safari hii polepole, akingoja nimeze ndipo achote. Hilo ndilo somo langu la kwanza na sijawahi kupata linalolizidi. Kabla ya kumlisha mtu, lishwa. Mwenye haraka asipewe kijiko.

Baada ya mazishi nilibaki katika ile nyumba ya Pearland miezi minne. Binti yetu Neema, anayefanya kazi ofisini Plano, karibu na Dallas, alipiga simu kila Jumapili. Nilimwambia niko salama. Ukweli ni kwamba kwa miezi minne hakuna mtu aliyenitukana. Mwezi Oktoba nikahamia Dallas. Neema alitaka nikae kwake, nikakataa kwa kuwa nyumba yake ni ya zulia jeupe na mimi sijui kukaa bila kufanya kitu. Nilipanga chumba mtaa wa Vickery Meadow, mahali ambapo kila ngazi inanukia chakula cha nchi nyingine, nikapata kazi katika nyumba ya wazee sita, treni moja na basi moja kutoka kwangu.

Msimamizi wa nyumba hiyo alikuwa muuguzi Mkenya, Wanjiru, mwenye umri wa binti yangu. Siku ya kwanza alinitazama mvi zangu akauliza kama nimekuja kufanya kazi ama kulazwa. Nilimpenda kuanzia hapo.

Mzee niliyekabidhiwa kwanza aliitwa Walter. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mrefu, mikono mikubwa, miguu imekufa kwa kiharusi. Alishindwa kulitamka jina langu lote, akaniita Fil. Alikuwa mtu wa ratiba. Maji ya kunyolea saa moja na nusu, mayai saa mbili. Ujanani alilitumikia jeshi miaka sita chini ya ardhi, katika shimo la zege huko nyanda za kaskazini, akilinda kombora. Walikaa wawili wawili, kila mmoja na ufunguo wake na bastola kiunoni. Kombora lisingeruka bila funguo zote mbili kugeuzwa pamoja. Nilimuuliza bastola ilikuwa ya nini chini kule ambako hakuna adui. Akanijibu kwa upole kwamba ilikuwa kwa ajili ya mwenzake, akikataa.

Alinieleza walivyofundishwa. Ukomunisti ni kama moto wa nyasi, nchi moja ikishika, ya pili inashika, hadi unafika kwenye ua wa mama yako. Wanafunga makanisa, wanachukua mashamba. Kwa hiyo ilibidi uzimwe mbali, kwenye nchi za watu wengine. Nilimwambia nchi za watu wengine ndiko nilikotoka. Alicheka kidogo, akasema, basi pole, Fil.

Mwezi Machi 2018 akaletwa mzee wa pili, Arkady, Mrusi. Mwanawe alikuwa mhandisi Houston na kazi yake ilikuwa ya kusafiri. Arkady alikuja na sanduku la vitabu na kichwa cheupe kama pamba. Nilipompelekea chai aliniuliza natoka wapi. Nilipomtajia Tanzania alitua kikombe, akaniita, "Ndugu."

Karibu niangushe sinia. Tangu niondoke nyumbani hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa maana ile ya zamani ya mikutanoni. Akanieleza kwamba alikuwa mwalimu wa siasa jeshini, na katika maisha yake alikutana na vijana wetu wachache waliopelekwa kwao kusoma. Neno hilo tu ndilo walilomwachia. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza askari wapya kwa nini wanabeba bunduki. Aliwafundisha kwamba ubepari ni mnyama anayekufa, na mnyama anayekufa ndiye anayeuma zaidi. Dunia haiwezi kutulia mpaka afe kabisa. Nilimwambia kwamba kwetu tuliishia kwenye unyama, habari ya kufa hatukufika.

Wazee hawa walikaa wiki tatu bila kusemezana. Walter aliniuliza kama yule mtu alipekuliwa alipoingia. Arkady aliomba akalie kiti kinachotazama mlango. Wanjiru alisema, "Mzee Kikoti, hawa wawili wataniua na hii kimya yao. Fanya kitu."

Nikafanya. Hapa ndipo kosa langu linapoanzia, nalo nimelipima nikaona ni langu peke yangu. Niliwaona watu wawili waliopigana, vita vimekwisha, wanaketi meza moja. Kwetu watu wa namna hiyo wana jina. Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilivuta kiti nikawaeleza utani ni nini, Wahehe ni nani na Wangoni ni nani. Nikawapa masharti: usikasirike, usitaje ugonjwa wa mwenzako, na ukidanganya, danganya sana. Mtani anayesema uongo mdogo hana adabu.

Walinitazama kama mtu aliyelewa. Kisha Walter akaweka uma chini.

"Arkady," alisema, "ni kweli kwenu mtu alipanga foleni kwanza, ndipo akauliza kinachouzwa?"

"Kweli," alisema Arkady. "Kwenu mtu anauziwa kwanza, ndipo anauliza kama alikuwa anakihitaji."

Nilisikia kicheko cha Walter kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na meza yenye watu. Mwaka mzima na nusu waliendelea hivyo. Walter alisema friji la Kirusi lina kelele ili mwenyewe asisikie kwamba ni tupu. Arkady alisema Mmarekani ana vyoo vinne nyumbani na hana hata rafiki mmoja wa kumwazima kimoja. Walibishana kama yupo ambaye angefika mwezini bila kuogopa kutanguliwa na mwenzake. Nilipomnyoa mmoja alinituma kwa mwingine na tusi. Nilirudi Vickery Meadow jioni nikiyarudia peke yangu ndani ya treni, nikiwaza ni lipi Skola angelicheka. Nawaambia haya mjue kwamba sikuwa ninawasaidia wao tu. Nilikuwa nimepungukiwa na kitu, nikakitafuta kazini.

Ikafika Oktoba 2019. Walter alikuwa amemshinda Arkady asubuhi nzima juu ya matrekta mabovu. Wakati wa supu Arkady akainua kifua akasema kwamba matrekta yalikuwa mabovu kwa sababu vyuma vizuri vyote vilikwenda kwenye makombora ya kutungulia ndege. Akasema yeye mwenyewe alikuwa Vietnam ya kaskazini, pamoja na kikosi cha makombora. "Ndege zenu zilianguka kama mapera yaliyoiva," alisema. "Nilikunywa chai nikihesabu."

Mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilicheka.

Walter alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili, akaniomba nimrudishe chumbani. Jioni hakuja mezani. Kesho yake hakuja. Nilipompelekea chakula alikula vijiko vitatu akafunga mdomo. Jumatatu tulipompima uzito alikuwa amepungua, na Jumatatu iliyofuata tena. Wanjiru aliniita akaniuliza kuna nini. Nikamwambia sijui, na kwa siku hiyo ilikuwa kweli.

Aliyeniambia ni Carol, binti wa Walter, aliyekuja kutoka Fort Worth. Baba yake alikuwa na mdogo wake, Daniel, rubani. Ndege yake ilianguka Vietnam ya kaskazini akiwa na miaka ishirini na saba. Hawakuletewa mwili, hawakuletewa hata kifungo cha shati. Mama yao alikufa akiwa bado hajafanya mazishi. Walter hakuwahi kulizungumza, na Carol alidhani sisi tunajua.

Niliingia chumba cha dawa nikakaa juu ya sanduku la glavu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa Kihehe analijua. Mababu zetu hawakutaniana siku vita vilipokwisha. Walizika kwanza. Kila upande ulichukua watu wake, ukalia, ukamaliza, ndipo mtu wa kwanza alipothubutu kumcheka mwenzake. Mimi nilimketisha Walter kwenye utani akiwa na maiti ambayo haijazikwa.

Nikamweleza Wanjiru yote, tangu siku ya kwanza, pamoja na kicheko changu. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Sasa hiyo ni-chart aje, mzee?" Nikamwambia aandike kwenye faili la Walter ilivyokuwa. Akaandika. Kisha akasema kama Walter atashuka kilo nyingine mbili, itabidi apelekwe hospitali awekewe mrija wa kulishia, na kwa umri wake nisitegemee kwamba atarudi.

Novemba na Desemba nilimlisha Walter kwa kijiko kidogo. Arkady alikula peke yake akitazama mlango. Nilimweleza habari za Daniel. Alipauka kabisa, akageukia dirisha.

Katikati ya Januari 2020, asubuhi, nilimkuta Walter amekaa wima akiningoja. Alitaka ramani ya Vietnam. Nilimtafutia kubwa ya kukunjua. Akaniambia amekuwa akifikiri. Kama yule mtu alikuwepo kweli, na kikosi kilihesabu ndege, basi walijua zilipoangukia. Inawezekana aliiona ya Daniel. Inawezekana walimzika. Hataki kugombana naye, anataka kuuliza tu ni wapi. Halafu akaomba mayai, akala yote mawili.

Mnaofanya kazi hii mnajua mzee aliyekuwa amekataa chakula anapomaliza sahani. Unatembea juu juu siku nzima. Wiki hiyo alipanda nusu kilo. Aliandika maswali kwenye karatasi: mwezi gani, mto gani, mlima uko upande gani. Alimpigia Carol simu akamwambia. Kila siku aliniuliza kama Arkady yuko tayari, na kila siku nilimjibu kwamba bado hajisikii vizuri, jambo ambalo pia lilikuwa kweli.

Mwezi Februari, nikiwa namnyoa Arkady, alinishika mkono wenye wembe. Akaniambia hajawahi kufika Vietnam.

Nilidhani hofu ndiyo inayosema. Akaniambia tena. Hajawahi kuona kombora likiruka. Hajawahi kuona ndege ya kivita ya Kimarekani ila kwenye picha za darasani. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba chenye ubao, akifundisha yaliyoandikwa na watu ambao nao hawakufika Amerika. Alisema uongo ule kwa sababu mimi nilimwambia mtani adanganye sana.

"Ndugu," alisema, "nipe ile ramani. Nitaonyesha mahali. Kijiji, mto, kaburi chini ya mianzi. Afe akiwa anajua."

Nilimwambia huo ni uongo.

Alisema amedanganya watu kwa moyo mweupe miaka thelathini, wengi wakapelekwa vitani wakiamini. Safari hii mtu angepata usingizi. Ubaya uko wapi?

Nilimaliza kumnyoa nikafuta wembe. Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Siku hizo zote nilimlisha Walter, naye alikula, na baada ya kula alinitaka nimshikie ramani upande mmoja aisome. Nilimshikia. Nyumbani nilisonga ugali nikauacha sufuriani. Nilizungumza na Skola kwa sauti, jambo ambalo nilikuwa nimejikataza. Nilitaka aniambie kitu, hata tusi. Jirani yangu Mkongo aligonga ukuta akidhani namwita.

Siku ya tisa ilikuwa mwezi Machi tayari. Barua ilikuja kwamba kwa ajili ya korona wageni hawataruhusiwa tena, na kila mzee abaki chumbani kwake. Nikaona kwamba kuanzia siku hiyo Walter hatakuwa na uso mwingine wa kuutazama ila wangu. Sikuweza kuuleta uso huo kwake mara tatu kwa siku na kijiko, ukiwa umebeba kile ulichobeba.

Nikaingia nikavuta kiti nikakaa. Habari mbaya usiitoe ukiwa umesimama, mgonjwa ataona unataka kuondoka. Nikamwambia Arkady hakuwepo. Alidanganya kwa mzaha, na mzaha niliuleta mimi.

Walter aliitazama ramani ukutani, maana jana yake tulikuwa tumeibandika.

"Umejua tangu lini, Fil?"

"Siku tisa."

"Na siku hizo ulikuwa unanishikia ramani."

"Ndiyo."

Akageuza uso. Mchana hakula. Jioni hakula. Nilikaa varandani pale kwenye kiti cha plastiki hadi Wanjiru akaniambia niende nyumbani, zamu yangu imekwisha zamani. Kesho yake nilimpelekea uji bila kutegemea kitu. Alikula nusu bakuli na nusu ndizi. Alipomaliza aliniambia nimlete yule mtu.

Kanuni hazikuruhusu. Wanjiru alisema mlangoni tu, barakoa, na asivuke kizingiti. Nilimsukuma Arkady kwenye kiti cha magurudumu hadi pale. Mikono yake ilikuwa magotini kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Sijawahi kufika Vietnam," alisema. "Sijawahi kufika popote. Nilikaa darasani nikiwafundisha vijana wa miaka kumi na minane kwamba unataka kuwala."

Walter alijiinua kidogo kwenye mto.

"Nilikaa shimoni miaka sita nikingoja amri ya kukuua," alisema. "Nilikuwa sijamwona Mrusi hata mmoja."

Tulisikia mashine ya kufulia ikizunguka jikoni. Kisha Walter akasema mdogo wake aliitwa Daniel, alipenda kuogelea, na alikuwa mvivu wa kuandika barua. Arkady alilirudia jina hilo nyuma ya barakoa. Akaomba msamaha kwa Kirusi kwanza, halafu kwa Kiingereza. Walter alitikisa kichwa. Sikujua kama ni kukubali au kukataa, na sikuuliza.

Utani haukurudi. Sitaki mfikiri kwamba ulirudi. Ila Walter aliniambia nisiufunge tena mlango wake mchana, na Arkady akaomba kitanda chake kigeuzwe kidogo. Vyumba vyao vilitazamana. Mara nyingine Walter aliuliza kutoka kule alichokuwa anafundisha siku ya kwanza, na Arkady alimtolea somo lote, bepari na mfanyakazi na faida. Walter alisikiliza, akasema jambo moja au mawili kati ya hayo aliyaona kwa macho katika kiwanda cha ndege alikofanya kazi baada ya jeshi. Naye akamweleza sinema walizoonyeshwa wao, za makanisa kugeuzwa maghala. Arkady akasema ndiyo, la kijijini kwao liligeuzwa ghala la viazi. Walizungumza hivyo, taratibu, kila mmoja akitafuta kama kulikuwa na kweli yoyote katika mambo waliyokuwa tayari kuua kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nafagia ukumbini katikati yao. Hapakuwa na haja yangu.

Walter alikufa tarehe 18 Aprili 2020, siku ya Jumamosi, baada ya mayai. Moyo ulisimama. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kikombe, na nilipogeuka tena alikuwa amekwenda. Arkady aliona toka kwake kabla yangu. Hakuita. Alivua kofia ya sufu aliyokuwa ameivaa.

Waliokuja kumchukua walivaa nguo nyeupe mwili mzima, wakafanya haraka. Nilifungua madirisha, nikatoa shuka, nikabandua ramani.

Jumanne Carol alikuja kuchukua vitu. Kwa kanuni za wakati ule alisimama karibu na gari lake, mimi nikaweka sanduku kwenye ngazi nikarudi nyuma hadi mlangoni. Saa, vitabu, picha, ramani iliyokunjwa. Hakulichukua mara moja. Aliniuliza kwa sauti ya juu kidogo, kwa kuwa tulikuwa mbali, kama yule Mrusi alimwambia baba yake mahali. Januari baba alimpigia simu kwa furaha. Halafu hakulitaja tena.

Baba yake alikuwa ameshakufa. Nilikuwa na nafasi ya kusema chochote, na mwingine aliyeujua ukweli alikuwa Arkady peke yake, ambaye angenishukuru.

Nikamwambia hapana. Arkady hakuwahi kufika kule. Baba yake aliambiwa uongo, kisha akaambiwa kwamba ni uongo, na aliyemwambia ni mimi.

Aliuliza kwa nini nilimwambia.

Nikasema nilishindwa kumlisha huku nikijua.

Alipiga hatua hadi kwenye ngazi. Kisha akaniuliza, "Siku hiyo alikula?"

"Siku hiyo hapana," nilisema. "Kesho yake alikula. Baada ya hapo alikula kila siku."

Carol alilibeba sanduku, akaliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda kama mtu. Alipoondoka niliosha mikono nikaingia ndani, kwa kuwa Arkady alikuwa bado hajaogeshwa.